Nimeanza mazoezi lakini uzito unapanda: naomba ushauri

Mzee wa Tabata:
Wakuu, naomba ushauri wenu. Wiki sita zilizopita nilijiunga na klabu ya joging ya mtaani kwetu, na tangu hapo sijakosa hata Jumamosi moja, mbali na siku tatu za katikati ya wiki ninapokimbia kilomita 5 peke yangu kabla ya kwenda kazini. Nilianza nikiwa na kilo 81. Juzi nilipanda mizani ya yule kijana anayepima watu kwa shilingi 200 pale kituoni, ikasoma 87. Nikadhani imeharibika, nikapima kwingine, ikawa ileile. Chakula nimepunguza. Nimekwisha lipia nusu marathoni ya Kilimanjaro, kilomita 21, kwa hiyo tafadhali msiniambie niache kukimbia.

Kibuyu:
Mkuu, klabu hizo tunazijua. Mnakimbia nusu saa, kisha mnakaa saa tatu kwenye supu. Mtu wa uzito wako akikimbia kilomita 5 anaunguza takriban kalori 400, na chapati mbili pamoja na bakuli la kongoro huzirudisha zote na chenji juu. Mimi klabu yetu ilinirudisha nyumbani na kitambi na deni la bia.

Mama Wawili:
Marehemu babu yangu hakuwahi kuvaa raba wala kulipia mbio, na hakuwahi kuwa na kitambi. Shikeni majembe.

Tabibu Mdogo:
Misuli inayoanza kazi mpya huvimba kidogo na huweka akiba ya sukari, ambayo kila gramu yake hushikilia takriban gramu 3 za maji. Ndiyo maana anayeanza mazoezi huweza kuongezeka kilo moja au mbili. Kilo 6 kwa wiki sita si misuli. Je, unatumia dawa yoyote?

Mzee wa Tabata:
Situmii dawa, isipokuwa vidonge vya goti tu.

Tabibu Mdogo:
Vidonge gani, na tangu lini?

Mzee wa Tabata:
Goti la kulia lilianza kuuma wiki ya kwanza. Muuzaji wa duka la dawa alinipa vidonge vidogo vyeupe katika kibahasha kilichoandikwa kwa kalamu "2x2", na kwa kweli baada ya siku mbili niliweza kuchuchumaa. Vikiisha narudi, ananiongezea. Nimempigia sasa hivi, anasema ni prednisoloni ya miligramu 5. Sioni vinahusiana vipi na uzito, wala sina mpango wa kuviacha kabla ya mbio.

Macho Manne:
Wakuu, mnachezewa. Mwanzo hakukuwa na goti, mara goti, mara vidonge; kesho atatokea mwenzake mwenye chai ya kupunguza tumbo na namba ya simu. Isitoshe, ni nani anayekimbia mara nne kwa wiki akiwa na goti bovu?

Mzee wa Tabata:
Sina chai ya kuuza. Ninakimbia kwa sababu vidonge vimeondoa maumivu, na ndivyo nilivyoandika.

Tabibu Mdogo:
Kiwe kisa cha kweli au cha kutunga, wapo wasomaji wenye kibahasha kama hicho. Prednisoloni huongeza hamu ya kula, huufanya mwili ushikilie chumvi na maji, na huweza kupandisha sukari na presha. Hata hivyo usiviache ghafla, kwa kuwa baada ya wiki kadhaa tezi zilizo juu ya figo huwa zimepunguza kutengeneza homoni ya mwili inayofanya kazi kama dawa hii. Daktari ndiye atakayekupangia namna ya kuvipunguza. Bonyeza muundi wako kwa kidole gumba, hesabu hadi 10, kisha utuambie unaona nini.

Mzee wa Tabata:
Mke wangu ndiye aliyebonyeza. Shimo limebaki, na soksi nazo zimeacha mstari ambao nilidhani ni wa mpira mkali. Amenikumbusha pia kwamba mwezi huu nimekuwa nikiamka saa nane usiku kula wali wa baridi, jambo ambalo sikuliandika kwa kuwa sikulihesabu kama mlo. Kesho nitakwenda hospitali na kibahasha changu. Habari ya mbio nitaiamua baadaye, ingawa tiketi ya basi la Moshi nimekwisha kata.

Kibuyu:
Pole sana, mkuu. Daktari akikukataza, namba ya mbio na hiyo tiketi utaviuza kwa kiasi gani?