Kuchora mistari kwenye kitambaa cheusi: tupeane uzoefu

Mwangaluka wadau. Nashona mifarishi ya viraka hapa Kirumba kwa suruali nyeusi na za bluu iliyoiva, mtumba wa soko la Mlango Mmoja, Mwanza. Katikati naweka blanketi kuukuu, chini shuka. Kuunganisha viraka hakunisumbui, shida ni mistari ya kushikiza zile tabaka tatu: penseli ya kawaida haionekani kabisa kwenye nyeusi. Mwezi uliopita nikauziwa chaki ya fundi inayoteleza kama mshumaa. Ilichora vizuri hadi nikajisifu. Kupiga pasi tu, ikayeyuka, mistari yote ikawa madoa ya mafuta. Mteja alikata bei na sikuwa na mdomo wa kubisha. Nyie wenzangu mnachorea nini?

Mama Pacha, Nyegezi
Pole dada, hiyo ilikuwa ya nta. Siku nyingine ikwangue kwa ukucha kabla hujalipa: chaki yenyewe hutoa vumbi, ya nta hunata. Mimi toka nifundishwe kazi natumia kijipande cha sabuni nyeupe kilichobaki bafuni. Nakiacha kikauke mpaka kiwe kigumu, nakichonga kwa wembe. Mstari unatoka mwembamba, mweupe, na kufua ndiyo kufuta. Ila usichukue sabuni za kulainisha ngozi, zile zina mafuta, utarudi kulekule kwenye madoa.

Sindano Butu
Sabuni sawa, ila kwa nguo isiyofuliwa (suti, joho) inabaki ukungu mweupe. Huko napiga bandi, ile mishono mirefu ya muda ya mkono, kwa uzi mweupe. Ndiyo, inachosha. Lakini uzi unachomoa, haujapaka kitu.

Fundi wa Igoma
Mimi niliingia mjini kwa kalamu zile zinazofutika kwa joto. Unachora, unapitisha pasi, mstari umepotea! Nikaona wazee wa chaki wamepitwa na wakati. Jirani yangu anauza sangara, ana friza. Siku moja kwa utani tukaweka kipande cha majaribio humo usiku kucha. Asubuhi mistari yote imerudi, kama vile nimechora muda uleule. Wino ule hauondoki, joto linauficha tu, baridi kali inauamsha. Kwa hali ya hewa ya Mwanza utasema hainihusu, lakini mfarishi ukisafiri kwenda kwa shangazi Ulaya kipindi cha theluji? Halafu kwenye nyeusi, hata bila friza, huwa inabaki alama iliyopauka pale kalamu ilipopita. Nilizitupa. Sawa, sikuzitupa, nachorea vitambaa vya ndani visivyoonekana.

Mama Pacha, Nyegezi
Fundi umenichekesha na hiyo friza. Vitambaa vilitoka vinanuka samaki?

Fundi wa Igoma
Usiniulize.

Bibi wa Ukerewe
Wanangu, mnahangaika na rangi za nini? Chukueni shazia, ile sindano ya magunia. Ilaze, uivute kando ya rula kwa kuikandamiza. Haichani, inaacha mkunjo. Kaa dirishani mwanga uje kwa ubavu, utauona kama njia ya mchwa. Kwa pamba unakaa vizuri. Chora mstari mmoja, shona, ndipo uchore mwingine. Ukichora yote asubuhi, mchana utaitafuta.

Sindano Butu
Na kwa mistari iliyonyooka kuna ile tepu ya karatasi ya wapaka rangi, inauzwa duka la vifaa vya ujenzi. Bandika, shona pembeni yake, bandua. Usiilaze usiku wala kuianika juani, gundi itahamia kwenye nguo.

Aliyeanzisha
Asanteni. Nimejaribu vyote kwenye vipande chakavu, nikavipiga pasi na kuvifua. Bibi, shazia imekubali kwenye suruali za pamba, kwenye zile za kuvutika mkunjo unajinyoosha wenyewe kabla sijafika kwenye cherehani. Huko nimetumia sabuni ya Mama Pacha. Mfarishi mpya una mistari 42, jana nimefika 17. Swali la mwisho: makhmeli nyeusi mnaichoraje? Nimeletewa mto na sabuni inazama kwenye manyoya.

Bibi wa Ukerewe
Makhmeli ni bandi tu, mwanangu. Kaa chini.