Mchango wa mashine ya kupima ini Bukavu: tununue, au pesa iende kwenye dawa na maabara?

Kaka wa mgonjwa, Kadutu
Ndugu zangu, jumuiya yetu inataka kuchangia hospitali mashine ya elastografia, ile inayopima ugumu wa ini bila kumtoboa mtu. Vikao viwili nimekaa kimya. Leo nasema wazi kwamba napinga, na sababu ni mdogo wangu.

Ana hepatiti B, anameza tenofoviri kila siku. Kabla ya kuanza dawa tulimvusha mpaka, akapimwa: kilopaskali 11.2 (namba ikipanda, ini ni gumu zaidi). Baada ya mwaka, 7.4. Mama alipiga vigelegele. Mara ya tatu tulifika mpakani alfajiri, baridi kali, nikamnunulia chai na mandazi mawili. Akalala chali, mkono wa kuume nyuma ya kichwa, wakampaka jeli kati ya mbavu, kifaa kikamgonga mara kumi kama ncha ya kidole. 9.6! Hakuna aliyemuuliza kama amekula. Njia nzima hakusema neno, na siku nne zilizofuata hakugusa dawa. Tulipomrudisha akiwa hajala tangu usiku, 7.1. Ini ni lile lile. Mnataka tununue kitu kinachobadilishwa na mandazi?

Muuguzi, Ibanda
Pole sana, kaka. Chakula huongeza damu inayopita kwenye ini, na ugumu hupanda. Mgonjwa anapaswa kukaa angalau saa 3 bila kula. Kumuuliza ilikuwa kazi yao, si yenu. Na mwambie mdogo wako asirudie kuacha tenofoviri ghafla: virusi vinaweza kuamka kwa nguvu, ini likaharibika ndani ya wiki chache.

Mimi pia napinga, ila kwa hesabu. Mwongozo wa OMS, Shirika la Afya Duniani, wa 2024 unakubali ugumu unaozidi kilopaskali 7 kuwa dalili ya kovu kwenye ini la kutosha kuanza dawa, lakini unakubali pia APRI inayozidi 0.5. APRI ni hesabu inayotoka kwenye vipimo vya damu tu. Tuseme AST ya mgonjwa, kimeng'enya kinachopanda damuni ini likiumia, ni 80, na kikomo cha juu cha kawaida cha maabara ni 40: hiyo ni mara 2. Gawanya kwa plaketi (chembe za kugandisha damu, kwa maelfu) 160, zidisha kwa 100, unapata 1.25. Huyo anaanza dawa leo, bila kuvuka mto Ruzizi wa mpakani.

Fundi wa ekografia, Nyawera
Dada, kuanza nakubali. Mjadala ni kufuatilia. AST hushuka dawa ikituliza uvimbe wa ini unaoletwa na virusi, na APRI hushuka nayo, hata kama kovu liko palepale. Huyo wa 1.25 akirudi na 0.4, utamwambia amepona?

Muuguzi, Ibanda
Na mashine yako je? Ile 11.2 kuwa 7.4 ndani ya mwaka, sehemu kubwa yaweza kuwa uvimbe uliotulia. Mtu mwenye ALT ya juu, kimeng'enya kingine cha ini, hupimwa mgumu kuliko alivyo.

Fundi wa ekografia, Nyawera
Kweli. Ndiyo maana namba moja haitoshi, unahitaji mfululizo: mashine ile ile, tumbo tupu, kila mwaka. Namba za mashine tofauti hazilinganishwi. Mgonjwa anayepimwa leo ng'ambo, kesho kwingine, mfululizo ataupata wapi? Hilo ndilo linanifanya niitetee mashine ya hapa. Tena zipo mashine za ekografia, zile za picha za mawimbi ya sauti, zenye elastografia ndani yake. Mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, anahitaji ekografia kila miezi 6 kutafuta saratani, hata akipimwa ini laini. Mashine moja, kazi mbili.

Mama, Panzi
Mume wangu tumbo limejaa maji. Mashine ya kugonga ilishindwa kumpima, wakatuambia maji yanazuia. Nauli tulikuwa tumeshailipa. Kipimo cha wingi wa virusi hatujawahi kukimudu hata mara moja. Mkichanga, mtukumbuke sisi.

Kaka wa mgonjwa, Kadutu
Mama, nimekusikia. Fundi, hilo la mfululizo limenigusa, maana kati ya namba zetu nne sijui ngapi zilitoka mashine moja. Hapo nalegea kidogo. Jumapili kwenye kikao nitapendekeza hivi: kwanza kipimo cha virusi kwa wasiojiweza, na dawa isikatike. Ikibaki pesa, iwe ekografia yenye elastografia ndani, na pesa ya kumfundisha atakayeishika ihesabiwe humo humo. Bila fundi aliyefunzwa, sitoi hata faranga.