Mkahawa wa Kifilipino: menyu ninayo, tuagize nini sisi tusiokula nguruwe?

Bint Kisauni

Assalaam aleikum wana jukwaa. Wafilipino watatu tunaofanya nao kazi hapa Kilindini wametualika chakula cha usiku Ijumaa, kwenye mkahawa wa kwao. Sisi ni watano, jumla wanane. Wanne wetu Waislamu, na mmoja kati ya hao wanne ana mzio wa kamba, akila uso unavimba. Mkahawa wenyewe unapika nguruwe, hawafichi.

Menyu imeletwa kwenye grupu ya WhatsApp. Naandika kama ilivyo: Lumpia Shanghai, Sisig, Adobo, BBQ Sticks, Chicken Inasal, Sinigang na Hipon, Kare-Kare, Kaldereta, Pinakbet, Laing, Inihaw na Bangus, Pancit Palabok, Turon, Halo-Halo.

Kipi twaweza kula bila wasiwasi? Sahani ngapi zatosha watu wanane? Na mezani kuna adabu gani, tusije tukaonekana washamba?

Sarahangi

Wa aleikum salaam dada. Kwanza badilisha swali lenyewe. Ukimuuliza weita "hiki ni nguruwe?" atakujibu hapana kwa nia safi, na bado nguruwe yumo ndani. Kwenye upishi wa Kifilipino nguruwe hutumika sana kama kiungo: vipande vidogo ndani ya mboga, supu ya mifupa, mafuta ya kukaangia, ngozi iliyokaangwa ikapondwa na kunyunyizwa juu. Uliza "kuna nguruwe ndani, hata mafuta, hata supu?" Nguruwe kwao ni baboy. Ukisema "walang baboy" umesema bila nguruwe, na wenyeji wenu watakuelewa mara moja.

Sasa tuipitie menyu. Lumpia Shanghai, zile roli nyembamba za kukaangwa, achaneni nazo, ndani ni nguruwe wa kusaga. Sisig vilevile: ni mashavu na masikio ya nguruwe yaliyokatwa madogo, mapishi ya mkoa wa Pampanga, huletwa juu ya chuma kinachochemka. Ipo sisig ya samaki na ya kuku, ila chuma ni kile kile. BBQ Sticks ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu hakuna mnyama aliyetajwa. Mfilipino akisema barbecue ya vijiti bila kutaja mnyama, ana maana ya nguruwe.

Adobo ni namna ya kupika, si nyama fulani: siki, sosi ya soya, kitunguu saumu, pilipili manga nzima. Ya kuku ipo kila mahali, lakini kuchanganya kuku na nguruwe sufuria moja ni kawaida sana. Mwambieni iwe manok, yaani kuku, peke yake.

Kaldereta huandikwa ya mbuzi au ya ng'ombe, na nyama huwa ni hiyo kweli. Shida iko kwenye mchuzi. Uzito wake hutokana na maini ya kupaka ya mkebe, na mara nyingi ni maini ya nguruwe. Hakuna mpishi atakayekwambia mpaka uulize maini hasa.

Palabok ni tambi za mchele zilizomwagiwa mchuzi wa kamba, juu yake chicharon, yaani ile ngozi ya nguruwe iliyopondwa. Kuiondoa juu haitoshi, maana wengine huichanganya kwenye mchuzi. Pinakbet ni bamia, biringani, karela na boga, jina la mboga tupu, lakini huanza kwa kukaanga nyama ya nguruwe.

Inasal ni kuku wa mkaa wa kutoka Bacolod, aliyelala kwenye siki, ndimu, mchaichai na tangawizi. Chakula kizuri mno. Kabla ya kuagiza ulizeni mambo mawili: jiko la mkaa ni lile la vijiti vya nguruwe? Na ile brashi ya kupakia mafuta mekundu ni moja kwa wote?

Mama Uduvi

Sarahangi amemaliza habari ya nguruwe, mimi niseme ya kamba, kwa sababu kwa huyo mwenzenu hili ni jambo la roho.

Kitu cha kuogopa zaidi ni bagoong alamang. Ni uduvi waliosagwa na kuchachushwa kwa chumvi, rangi ya waridi au ya udhurungi. Hutumika mahali pa chumvi, kwa hivyo hawaoni kama ni kiungo cha kutajwa. Kwenye pinakbet umeyeyuka ndani yote, hauondoki. Kwenye laing, yale majani ya majimbi ya tui, huwemo mara nyingi, au kamba wenyewe. Kwenye kare-kare, ile ya mchuzi wa karanga, huletwa kando kwenye kibakuli, na hapo kuna nafuu, ila mwambieni weita asikilete mezani kabisa. Kijiko kimoja kikipita kutoka kibakuli hadi bakuli kubwa, sahani yote imeharibika kwake. Na ninyi wengine mkikitaka, jueni bagoong ya kukaangwa nayo hutiwa mafuta ya nguruwe mara nyingi.

Sinigang na hipon: sinigang ni supu kali, hipon ndio kamba. Asidanganywe kwamba atatolewa kamba abaki na mboga. Vichwa vimechemshwa humo, ladha yote ya supu imetoka kwao. Waombeni sinigang ya samaki, ipikwe sufuria yake.

Patis ni maji ya samaki wadogo na chumvi. Kwa kawaida si kamba, lakini chupa isomwe. Na vile vitu vyeupe vikavu vinavyoletwa bure mkikaa, vinavyovunjika kama biskuti, vyaitwa kropek na ni unga uliochanganywa na kamba. Mafuta ya kukaangia yaulizwe pia.

Apige simu Alhamisi, asingoje kusema Ijumaa usiku jiko likiwa limejaa. Na kama ameandikiwa sindano ya adrenalini, aende nayo. Vidonge vya mzio hupunguza kuwasha na kuvimba, koo likianza kuziba havitoshi.

Al-Makupa

Ndugu zangu mmesahau neno moja. Kutokuwamo nguruwe si kuwa halali. Kuku na ng'ombe wa hapo amechinjwa na nani? Buchari nyingi za Mombasa hazina shida, lakini mkahawa unaweza kununua nyama ya barafu kutoka kwingine. Swali hili muulize mwenye mkahawa, weita hajui. Mkikosa jibu la kueleweka, kuleni samaki usiku huo, chombo kiwe kisafi tu.

Na kwa atakayeuliza siki: Ufilipino siki nyingine hutokana na tembo la mnazi lililoachwa likachacha. Likigeuka lenyewe likawa siki, mafakihi wamekubaliana ni tohara. Sisi Mashafii tuna sharti kwamba lisitiwe kitu cha kuligeuza. 

Fundi Sahani

Bi Kisauni, mchujo wa menyu umepata. Mimi nashika kuagiza, kwa sababu meza ya Kifilipino yaweza kuharibika hata kila sahani ikiwa halali.

Hakuna cha kuanzia na cha kufuatia. Vyote huja pamoja, vinawekwa katikati, kila mtu anachota. Kwa watu wanane sahani tano kubwa na wali zatosha, sita kama mna vijana. Kosa la wageni ni kuagiza vya ladha moja. Adobo, inasal na samaki wa kuchoma kwa pamoja ni chumvi, siki na moshi, hakuna mchuzi wa kulainisha. Changanyeni: kimoja cha supu kali, kimoja cha mkaa, kimoja cha nazi, kimoja cha mchuzi mzito, kimoja cha mboga. Kwenye orodha yenu hiyo ni sinigang ya samaki, bangus wa kuchoma, laing isiyo na nyama wala kamba, kare-kare kama nyama ni ya halali, na mboga ya kukaangwa na kitunguu saumu hata kama haimo kwenye menyu. Bakuli moja kubwa la sinigang hugawanywa watu wanne, agizeni mawili.

Wali ndio msingi. Chakula chao hutiwa chumvi na ukali kwa hesabu ya wali mweupe usio na chumvi wala nazi, ukila mchuzi peke yake utaona umezidi. Huuzwa kwa kikombe au kwa sinia. Anzeni na vikombe kumi, mtaongeza.

Sinigang ukali wake ni wa ukwaju, ndani muna figili, kunde changa, biringani na majani mabichi. Hainywewi kwanza kama supu ya hotelini. Wanachota kidogo wanamwagia wali, tonge kwa tonge, wakila na vile vingine.

Kare-kare hutatiza watu, kwa hivyo nieleze. Ni mkia wa ng'ombe na matumbo kwenye mchuzi wa karanga, uzito wake ni mchele uliokaangwa ukasagwa. Mchuzi huachwa bila chumvi kwa makusudi, kwa sababu chumvi yote iko kwenye ile bagoong ya kando. Mgeni huonja, husema hakina ladha, kisha humwaga kibakuli chote na chakula hakiliki tena. Asiyetumia bagoong aombe patis, matone matatu kwenye sahani yake mwenyewe. Mkia unataka saa kadhaa jikoni, uagizwe mapema au mtaletewa mgumu.

Kisha sawasawa na chakula chenyewe ni vibakuli vya kuchovya. Kila mtu huchanganya chake: siki na kitunguu saumu na pilipili kwa vya kukaanga, sosi ya soya na ndimu kwa vya mkaa, patis na ndimu kwa vya supu. Usionje samaki wa kuchoma bila kuchovya ukatoa hukumu.

Kuhusu adabu, hamna la kuogopa. Kijiko mkono wa kulia, uma wa kushoto unasukuma, kisu hakiwekwi. Kula kwa mkono nako ni kwao, tena wana karamu nzima ya hivyo, vyakula vimemwagwa juu ya majani ya mgomba. Kipande cha mwisho hubaki sahaniani kila mtu akiona haya kukichukua. Msikigombee. Bili ni ya aliyealika.

Bint Kisauni

Shukran sana nyote, nimeinakili yote. Mawili yamebaki. Hiyo laing mtu ameniambia inawasha koo, kweli? Na bangus ni samaki gani, ana miba? Tuna mzee mmoja.

Mama Uduvi

Bangus ni mwatiko, dada. Ni huyu huyu wa mabwawa ya Kilifi na Kwale. Miba anayo, tena ile myembamba iliyojificha ndani ya nyama, mingi mgongoni na karibu na mkia. Jikoni kwao huchomolewa mmoja mmoja kwa kibanio, kisha huuzwa kwa jina la boneless bangus. Ulizeni kama inihaw yao, yaani huyo wa kuchoma, ni ya namna hiyo. Kama sivyo, mzee apewe tumbo, lina mafuta na miba michache, na ndilo wenyewe wanalolipenda. Samaki hujazwa nyanya, kitunguu na tangawizi. Waombeni afungwe kwenye jani la mgomba au karatasi ya fedha, hapo na lile swali la jiko la mkaa mmelipunguza.

Sarahangi

Laing ni majani ya majimbi kwenye tui zito na pilipili, mapishi ya Bicol. Majimbi yana chembe kali kama sindano zisizoonekana, ndizo zinazowasha. Wenyewe husema mpishi akikoroga kabla majani hayajalainika, itawasha. Ninavyoona mimi kinachotibu ni majani kukaushwa kwanza na kupikwa muda mrefu kwa moto mdogo, mpaka tui likauke na mafuta yatoke. Ikija ya kijani kibichi yenye tui jepesi, onjeni ncha ya kijiko kwanza. Ulimi ukichomachoma ndani ya dakika moja, irudisheni. 

Al-Makupa

Na vitamu je? Hakuna aliyevigusa.

Fundi Sahani

Halo-halo ni barafu ya kukwangua, maziwa ya mkebe, maharage matamu, nazi laini, vipande vya jeli na kiazi kikuu cha zambarau kilichopondwa. Glasi moja yatosha wawili. Korogeni kutoka chini mara ikifika, la sivyo mtakula barafu tupu juu na sukari tupu chini. Jeli iulizwe: gulaman ni ya mwani, haina tatizo, lakini wengine hutumia jelatini ya unga isiyojulikana mnyama wake.

Turon ni ndizi na fenesi ndani ya karatasi ya unga, hukaangwa na sukari mpaka ikagande juu. Tatizo si ndizi, ni karai. Jiko dogo hukaangia mafuta yale yale ya lumpia Shanghai na kropek, kwa hivyo huyo wa mzio asiiguse mpaka jibu la mafuta lipatikane. Mkiona wanababaika kujibu, agizeni leche flan hata kama haimo kwenye orodha. Ni viini vya mayai, maziwa na sukari iliyounguzwa, hupikwa kwa mvuke.