Nina safari moja tu ya Dar 2026: niende kuona muvi ipi?

Binti Mwanjelwa

Wakuu, heri ya mwaka mpya. Shikamooni kwa wanaostahili, wengine mambo vipi.

Nipo Mbeya, nauza kwenye duka la pembejeo hapa Mwanjelwa. Toka nizaliwe sijawahi kukanyaga ukumbi wa sinema. Muvi nimeangalia nyingi mno, ila zote za flashi au za kibanda umiza, na nyingine ni zile zilizoibwa kwa kamera: steringi yuko kwenye kibano, mara mtu anainuka kwenda chooni na kichwa chake kinapita katikati ya picha.

Mwaka huu nimeamua. Nimemwahidi na mdogo wangu wa kiume, anajifunza kuchomelea pale SIDO, kwamba tutashuka Dar tukaangalie muvi kwenye skrini kubwa. Moja tu, maana nauli ya watu wawili kwenda na kurudi si mchezo. Kulala hakuna shida, mama mdogo yupo Kimara.

Kazi iko kwenye kuchagua. Kuna Michael, ya maisha ya Michael Jackson, tarehe 24 Aprili. Kuna The Odyssey ya Christopher Nolan, 17 Julai. Spider-Man: Brand New Day, 31 Julai. Na Avengers: Doomsday, 18 Desemba. Mimi moyo uko kwa The Odyssey, trela yake nimeirudia mpaka bando likakata. Dogo hataki kusikia kingine zaidi ya Doomsday.

Halafu kuna bosi. Anataka nimwambie mapema siku ambazo sitakuwepo, na ameshasema: wiki ya Nane Nane anione kwenye banda letu pale viwanja vya John Mwakangale na si kwingine, na mvua zikianza Novemba, wakulima wakigombania mbolea, ruhusa hakuna mpaka Januari. Labda ya msiba.

Wenye uzoefu nisaidieni. Nawasilisha.

Kapteni Kabwe

Dada, hapa hakuna mjadala. Doomsday. Avengers: Endgame ya 2019 iliingiza karibu dola bilioni 2.8, na wale ndugu wawili Russo walioiongoza ndio wanaoiongoza na hii. Robert Downey Jr. tuliyemlilia akiwa Iron Man anarudi akiwa adui, Doctor Doom. Sasa muvi kama hiyo uiangalie peke yako chumbani na hedifoni? Ile inataka ukumbi mzima unapiga kelele, mtu usiyemjua anakushika bega.

Bosi mwambie una msiba.

Njombe Baridi

Watu wa Mbeya mna dhambi. Mwaka haujafikisha hata wiki mbili mnapanga kuua ndugu.

Mhehe wa Gangilonga

Kamwene. Kapteni anaongea kama mtu ambaye hajawahi kutafuta siti Desemba. Kwenda Dar tarehe 17 mtapata basi bila shida, tena mtachagua dirisha. Kurudi ndiyo balaa. Wiki hiyo nchi nzima inatoka Dar kwenda kula Krismasi kwao. Mtakaa kwa mama mdogo mpaka mwaka mpya, na bosi atakuwa ameshaajiri mwingine.

Pia siku hiyohiyo ya 18 Desemba imepangwa Dune: Part Three ya Denis Villeneuve. Zote mbili zinataka skrini nzuri, na kumbi zetu si nyingi kihivyo.

Jambo la tatu: Doomsday yenyewe ilikuwa itoke 1 Mei 2026, wakaisogeza mpaka Desemba. Mtu akishasogeza mara moja, mimi simpangii safari.

Mzee wa Tukuyu

Wanangu, hamjambo. Mnaipita Michael kama daladala lisilo na abiria. Huyo bwana alifika Dar es Salaam mwaka 1992, enzi za Mzee Mwinyi. Mimi nilikuwa kijana, ndevu zinaanza, na hapa Tukuyu tulikuwa tunagombania kanda moja ya kaseti mpaka utepe ukawa unatoka nje na kurudishwa kwa kalamu.

Anayeigiza ni Jaafar Jackson, mtoto wa Jermaine, kwa maana hiyo marehemu ni baba yake mdogo. Damu ni damu. Mwongozaji ni Antoine Fuqua. Kwenye ukumbi wenye spika za kweli, muziki ule utakufanya usimame. Na 24 Aprili ni Ijumaa, Jumapili yake ni Muungano. Mwende.

Binti Mwanjelwa

Shikamoo mzee. Nimekusoma na nimecheka na hiyo kalamu. Ila Michael nayo imeshahamishwa zaidi ya mara moja, ilikuwa itoke Aprili 2025, ikapelekwa Oktoba, ndiyo ikaja hii Aprili. Na dogo MJ anamjua kwa ile ya kurudi kinyumenyume tu, hapo nitakuwa nimejipeleka mwenyewe.

Halafu Aprili Dar inanyesha. Mama mdogo mwenyewe huwa anasema usije.

Mzee wa Tukuyu

Marahaba. Mvua ya Dar unaiogopa wewe mtu wa Mbeya? Haya.

Pamba Moto

Subirini flashi tu. Muvi ikitoka, mwezi mmoja na nusu au miezi mitatu inakuwa mtandaoni picha safi kabisa, na imeshatafsiriwa. Hela ya nauli nunueni subwoofer.

Binti Mwanjelwa

Subwoofer tunayo. Ndiyo inayotugombanisha na mwenye nyumba.

Uyole Banda

Mimi ndiye mwenye banda, naongea kibiashara. Kuanzia 11 Juni mpaka 19 Julai kwangu hakuna muvi, ni Kombe la Dunia. Timu 48, mechi 104, zinachezwa Marekani, Kanada na Meksiko, kwa hiyo kwetu ni usiku, nyingine alfajiri kabisa. Nimeshaagiza jenereta la akiba. Sasa angalia The Odyssey inapoingia: Ijumaa 17 Julai, na fainali ni Jumapili 19 saa 4 usiku kwa saa zetu.

Maana yake nini? Wanaume wa Dar wikiendi hiyo akili haziko sinema. Ukumbi mtaupata mweupe, mtakaa katikati kabisa. Na Julai duka la pembejeo linalala, watu wanauza mahindi, hawanunui mbolea. Bosi hawezi kukataa.

Binti Mwanjelwa

Mkuu hilo la Julai ni kweli tupu, muda ule tunafuta vumbi tu. Ila nimemtajia dogo neno fainali, ameniuliza kama nina akili timamu.

Kijana wa Sinza

Nimezaliwa Iyunga, nipo Dar mwaka wa kumi sasa, na sinema naenda. Ngoja niandike kwa kirefu.

Kwanza kuhusu The Odyssey, dada usije ukavunjika moyo. Sifa yake kubwa ni kwamba imepigwa yote kwa kamera za filamu za IMAX, zile za skrini kubwa kupindukia, na ndiyo muvi ndefu ya kwanza kufanywa hivyo. Lakini kuiona vile Nolan alivyoipiga kunahitaji ukumbi wenye mashine ya filamu ya milimita 70, na kumbi hizo duniani ni chache. Tiketi zake walianza kuziuza tarehe 17 Julai 2025, mwaka mzima kabla, na watu wakazigombania. Kwenye ukumbi wa kawaida picha inakatwa juu na chini ili ienee. Bado itakuwa kubwa kuliko ukuta wa nyumba ya mama mdogo, na bahari ile kwenye flashi itabaki bwawa. Nakuambia tu ujue unachokuja kukiona.

Pili, lugha, na hili naona wote mmeliruka. Huyu dogo amelelewa na muvi za kutafsiriwa. Sinema hakuna DJ wa kukuambia huyu ni shemeji yake yule na sasa anamgeuka. Ni Kiingereza mwanzo mwisho. Nilimleta binamu yangu kutoka Vwawa kuangalia muvi ya maneno mengi, nusu ya kwanza alikuwa ananiuliza, nusu ya pili alilala na popcorn mkononi. Spider-Man hata ukiziba masikio unaelewa nani anampiga nani. The Odyssey mweleze kisa kabla: Odysseus amepigana Troya miaka kumi, anahangaika miaka kumi mingine kurudi kwa mkewe, njiani kuna jitu la jicho moja, na nyumbani wanaume wamejazana wanamtaka mke. Ukimsimulia hivyo kwenye basi, kutoka Makambako mpaka Mikumi, atafika amepikwa.

Tatu, ratiba. Uyole Banda kasema kweli kuhusu 17 Julai, lakini kwa nini muone moja? Spider-Man inatoka 31 Julai, wiki mbili baada ya The Odyssey. Nane Nane inaangukia Jumamosi. Wikiendi inayofuata, 14 mpaka 16 Agosti, Spider-Man itakuwa wiki ya tatu na The Odyssey wiki ya tano. Nauli moja, muvi mbili. Tiketi haifiki hata robo ya nauli, kwa hiyo gharama yenu iko barabarani, si ukumbini. Tena Tom Holland yumo kwenye zote mbili, huku Spider-Man, kule mtoto wa Odysseus. Zendaya naye yumo kote kote. Dogo ataona kama ni muvi moja yenye sehemu mbili, hahaha.

Mhehe wa Gangilonga

Wazo zuri lina shimo. Wiki ya tano Dar? Skrini chache, muvi mpya zinaingia kila Ijumaa. The Odyssey wanaweza kuwa wameshaitoa, dada akafika na kuambiwa ilikuwa wiki iliyopita. Na hiyo ndiyo anayoitaka yeye. Spider-Man ni ya dogo.

Kijana wa Sinza

Hatari ipo, sikatai. Ila muvi ya Nolan haitolewi haraka kihivyo. Huwa wanaipunguzia, kutoka maonyesho manne kwa siku inabaki moja ya usiku. Kwa hiyo ndiyo ianze, Ijumaa hiyohiyo usiku, Spider-Man ifuate Jumamosi mchana. Na ratiba ya ukumbi aiangalie kabla hajapanda basi, asije kwa imani.

Kapteni Kabwe

Kwa hiyo Doomsday mmeizika kabisa?

Njombe Baridi

Si ulitaka msiba.

Uyole Banda

Nasisitiza 17 Julai. Fainali saa 4 usiku Jumapili, wanaiangalia Kimara palepale, Jumatatu asubuhi wanapanda basi. Dogo anakosa nini?

Binti Mwanjelwa

Anakosa Spider-Man, mkuu. Nimempa chaguo mbili wakati tunakula: Julai aone The Odyssey na fainali kwenye TV ya mama mdogo, au Agosti aone Spider-Man na The Odyssey. Fainali anasema ataiangalia kwako Uyole na wenzake, TV ya mama mdogo ina tamthilia saa zote. Doomsday ameikubalia shingo upande, baada ya kumuuliza nani atabeba magunia ya mbolea Desemba kama mimi nimefukuzwa.

Mwenye wasiwasi sasa ni mimi, kwa hilo la wiki ya tano.

Mama Wawili Iringa

Dada mdogo, mimi nasema kitu kimoja. Hiyo safari analipa nani? Wewe. Basi isipangwe kwa kumfuata dogo. Ukikuta The Odyssey imetolewa utarudi na kinyongo kilomita mia nane. Mwambie bosi siku mbili tofauti: Agosti ndiyo mpango, na kama ukiona ratiba ya Dar inaibana The Odyssey mapema, unatoka mwisho wa Julai kabla banda la Nane Nane halijafunguliwa. Bosi mwenye duka tupu Julai hakosi kuelewa.

Kijana wa Sinza

Mama kamaliza. Na ukitoka wikiendi ya 24 Julai bado The Odyssey itakuwa ya moto, wiki ya pili tu.

Sasa ya njiani. Mabasi ya usiku yaliruhusiwa tena toka 2023, toka Alhamisi jioni, asubuhi mko Mbezi, stendi ya Magufuli. Msiende Kariakoo kushangaa kwanza, mtachoka. Siku ya muvi, kutoka Kimara panda mpaka Ubungo, pale chukua daladala la Mwenge, shuka Mlimani City, ukumbi uko ndani ya jengo. Fikeni mapema mchague siti: safu za nyuma katikati. Za mbele ni za kuvunja shingo.

Na njoo na koti. Nje halina kazi, ndani wanawasha kiyoyozi utadhani uko Uyole mwezi wa saba.

Mhehe wa Gangilonga

Na pale mlima Kitonga malori yakifunga njia usiku, usilaumu mtu hapa.

Binti Mwanjelwa

Ndaga fijo wote. Nimeongea na bosi leo mchana, kaduka kametulia. Kakubali 13 mpaka 17 Agosti, na kakubali nikibadilisha iwe ile ya 24 Julai nimwambie wiki moja kabla. Kaniuliza hiyo muvi inahusu nini, nikamwambia mtu anatafuta njia ya kurudi nyumbani miaka kumi. Akasema huyo atakuwa alipitia njia ya Chunya.

Mama mdogo naye nimempigia. Hajauliza muvi wala tarehe, ameuliza mchele wa Kyela tutakuja na kilo ngapi, na parachichi, na viazi kama gari lina nafasi. Nikipiga hesabu ya mzigo, tiketi za sinema ndizo zitakuwa rahisi kuliko vyote.