Ukoo wa Bi Salma: safari ya Jumamosi

JUMATANO

Rehema 19:04: Asalam alaykum ndugu zangu wote. Jumamosi ndo hiyo imefika. Magari mawili, tunatoka saa kumi na moja alfajiri, tukifika Washington tunaungana na wenzetu kwenye maandamano ya wastaafu wa jeshi. Nataka majina leo leo sio kesho

Rehema 19:05: Na lingine. Idi na dada Amina mje na sare kamili. Kombati, mabuti, nishani kifuani. Raia akibeba bango watu wanapita tu, wakimuona askari wanasimama

Rehema 19:06: Wifi Zuhura na lile koti la marehemu Hamza lije, Idi atatangulia nalo mbele limetundikwa kwenye hanga

Shafii 19:11: Hizo kombati za Idi zitafunga kweli? Harusini pale kifungo cha suruali kilikuwa kinasoma shahada 😂

Kassim 19:12: 😂😂😂

Rehema 19:15: Shafii sina muda wa utani. Unakuja huji?

Shafii 19:15: Nakuja da Rehema, mi niwekeni siti ya dirishani

Rehema 19:43: Mmesoma watu kumi na moja. Kajibu mmoja na hilo jibu lenyewe la siti

Faraji 19:52: Shikamoo shangazi. Mi nakuja. Ila hilo la sare tusikimbilie. Wizara ya ulinzi ya Marekani ina mwongozo wake namba 1334.01, unakataza sare kwenye maandamano na mikutano ya hadhara, hata hotuba na mahojiano yasiyo rasmi, mpaka jeshi lenyewe likuruhusu. Na wanaoguswa sio walio kazini tu, wamo wastaafu na askari wa akiba

Rehema 19:55: Marahaba baba. Idi ameshamaliza, karudi nyumbani yule ni raia kama wewe

Faraji 20:01: Amemaliza kazi ya kila siku, mkataba hajamaliza. Ni miaka minane shangazi. Katumikia minne, huu wa pili tangu arudi, jina lake bado liko kwenye akiba hata kama halipwi na haendi mazoezi. Mwaka 2007 kuna askari mmoja wa kikosi cha Marines aliyekuwa na hali hiyo hiyo, ametoka Iraki, akavaa kombati kwenye maandamano ya kupinga vita hapo hapo Washington. Jina na alama alikuwa ameshazibandua zote. Wakamuita mbele ya jopo na jopo likapendekeza aachishwe kwa cheti kilicho chini ya kile cha heshima kamili

Shafii 20:03: Ina maana Idi bado askari?? Na mimi namdai siku zote kwa kumfokea

Kassim 20:04: Umekwisha

Shafii 20:04: Deni nimesamehe 🙌

Rehema 20:09: Jamani. JAMANI. Idi uko online nakuona, sema basi mwenyewe

Rehema 20:31: Faraji na hayo sio maandamano ya chama chochote. Watu wanadai matibabu yao, wanadai walichoahidiwa. Hiyo ni haki, siasa iko wapi hapo?

Faraji 20:38: Naelewa shangazi lakini kwenye mwongozo siasa imetajwa kivyake na maandamano yametajwa kivyake. Harusini anavaa, mazishini anavaa, gwaride la sikukuu ya taifa anavaa. Kwenye mabango ndo hapana

Amina 21:47: Ndo natoka kazini. Nimesoma kote. Rehema mdogo wangu nakuja, nishani zangu nitazibandika kwenye koti la kiraia. Sare sivai.

Amina 21:53: Miaka 22 nimekaa mle. Pensheni inatoka kule kule na mstaafu anayelipwa bado yuko chini ya sheria za kijeshi, watu wengi hawalijui hilo. Lakini tuseme sheria isingekuwepo, bado nisingevaa. Kuna kijana wangu mmoja alikuwa anatoka getini na sare anaenda mkutano wa mgombea wake, nikamsimamisha, nikamrudisha bwenini akabadilishe. Akaniuliza sajini kwani sina haki ya kusema? Nikamwambia haki unayo, nenda na tisheti yako. Sasa leo nivae mimi? Wale vijana niliowaachia zamu wamo wa kila chama. Nikisimama na nguo ile nimewasemea wote na wao hawana ruhusa ya kunijibu

Rehema 22:02: Dada nakuheshimu ila hapo sikubaliani na wewe. 1971 maveterani wa Vietnam mbona walivaa? Mmoja wao John Kerry kaenda kuhojiwa na kamati ya Seneti Aprili 22 na kombati yake mwilini, kesho yake wenzake mamia wakapanga foleni mbele ya bunge wanatupa nishani moja moja, wengine wanalia. Wale wangekuja na mashati ya maua kuna mtu angewasikiliza? Wangeambiwa ni wahuni tu hawajawahi kushika bunduki. Nguo ndo iliyowafunga watu mdomo

Rehema 22:04: Na hawakuwa wanatafuta sifa. Walikuwa wanasema tulichokifanya kule tunakijua sisi, nyie mnasoma magazetini. Utalisemaje hilo na sweta?

Amina 22:10: Hapo umenigusa sikatai. Wale walikuwa wanasema habari za vita yenyewe, vita waliyopigana kwa nguo ile. Hapo moyo wangu unasita. Bado mimi nisingevaa ila nisingewavua

Faraji 22:14: Kuna kesi moja mahakama kuu ya Marekani iliiamua 1970. Jamaa aliigiza kamchezo ka kupinga vita ya Vietnam mbele ya kituo cha kuandikisha askari Houston, 1967, amevaa sare. Akahukumiwa miezi sita. Sheria ilikuwa inamruhusu muigizaji kuvaa sare mradi asilidhalilishe jeshi, mahakama ikasema hicho kipande cha mwisho hakifai kwasababu kinawaruhusu wanaosifu na kuwafunga wanaopinga. Akashinda. Yani muigizaji analindwa kuliko shangazi Amina mwenye miaka 22

Shafii 22:15: Basi tuseme Idi anaigiza. Na tumbo lile atapewa uhusika wa jenerali

Kassim 22:16: 🤣🤣 nimemwaga chai

Rehema 22:18: Shafii utashuka kwenye gari

Rehema 22:25: Dada Amina na 1932 je? Maveterani wa vita ya kwanza ya dunia maelfu kwa maelfu na wake zao na watoto wamepiga kambi pale Anacostia, Washington, wanadai fidia yao, serikali inawaambia subirini mpaka 1945. Watu wana njaa! Wengine walivaa magwanda yao ya zamani kwasababu hawakuwa na nguo nyingine. Unawaambia nini wale?

Amina 22:33: Nawaambia pole. Na waliokuja kuwatoa Julai 28 walivaa nini Rehema? Jenerali MacArthur kaja na farasi na vifaru na gesi ya machozi, kambi ikachomwa. Nguo ilikuwa pande zote mbili. Yule mwenye gwanda kuukuu hakunusurika kwasababu ya gwanda

Rehema 22:35: Lakini 1936 walilipwa

Amina 22:36: Walilipwa ndio.

Kassim 22:50: Hivi nani aliondoka na chaja yangu siku ya harusi? Nyeupe ina plasta kwenye waya

Rehema 22:58: Wifi Zuhura bado sijapata jibu la koti

Kassim 22:59: Rehema hilo la koti usilianzishe

Rehema 23:00: Naanzisha nini? Si nilishaomba msamaha mbele ya watu wote?

Kassim 23:01: Uliomba kwa Mama. Hukumuomba yeye

Shafii 23:02: Ujumbe huu umefutwa

Rehema 23:02: Nimeuona Shafii. Asante.

Rehema 23:20: Yule mgombea pale mkutanoni alinikumbatia yeye, mimi sikujua kama kuna kamera. Na picha kuiweka kwenye mabango yao hakuniuliza mtu

ALHAMISI

Zuhura 05:58: Asalam alaykum. Koti halitoki.

Zuhura 06:04: Sijawahi kusema humu, leo nitasema mara moja. Koti lile liliporudi kutoka kwenye ule mkutano lilikuwa na stika ya kampeni imebandikwa juu ya jina. Juu ya jina lake. Niliitoa kwa maji ya moto na kucha, gundi ikabaki, mpaka leo kitambaa pale ni kigumu ukigusa. Mfukoni kuna pakiti ya chingamu zimebaki mbili, aliiweka mwenyewe. Siku ile mliponiazima sikulala mpaka liliporudi, nikaangalia kwanza chingamu kama zipo. Hamza alikuwa anampigia kura nani mimi mkewe sijui. Alikuwa haniambii, anasema nikikuambia nitazoea kusema. Sasa nyie mlimsemea

Faraji 06:20: 😔

Amina 06:31: Zuhura mdogo wangu

Rehema 07:15: Wifi hilo la stika wallahi silijui

Zuhura 07:16: Najua hulijui

Rehema 07:40: Nilikuwa naona nalibeba jina lake lisisahaulike. Kaka yangu yule. Nisamehe wewe sio Mama, nisamehe wewe

(Zuhura amesoma. Mpaka mchana hakuna aliyeandika.)

Bamkubwa 13:26: 🎤 Sauti 4:11

Shafii 13:27: Shikamoo Bamkubwa

Kassim 13:30: Niko kazini siwezi kusikiliza, mwenye nafasi atuandikie

Faraji 13:58: Naandika kama alivyosema babu, sijaongeza neno:

"Nimesomewa yote. Mimi mnanijua nilikuwepo vita ya Kagera, tulipoingia Kampala Aprili 1979 nilikuwa na miguu imeoza kwa mabuti. Nilipoacha jeshi nilirudisha vitu kwa stoo, yule wa stoo anataja, mimi naweka mezani. Kofia, mkanda, chupa ya maji, mabuti, suruali mbili. Shati moja nikasema limepotea. Halikupotea, nililificha. Kassim utakumbuka ugomvi wa ule uwanja, ulikuwa mdogo. Tuliitwa kikao. Nikalivaa lile shati. Nilipoingia watu wakainuka wakanipisha, hata mwenyekiti. Nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga, na yalikuwa ya haki, mipaka naijua. Hakuna aliyeyasikiliza. Waliliogopa shati wakanipa uwanja. Yule bwana alikufa hatujasalimiana tena na mimi mpaka leo sijui kama uwanja ulikuwa wangu au wake. Mama yenu alilichoma lile shati, mkamuona mkorofi. Nilimwambia mimi achome. Sasa Rehema mwanangu. Mwache Zuhura na koti lake, asiombwe tena, si wewe, si mwingine. Amina na Idi wana viapo vyao, siwaingilii. Mimi nimesema la koti."

Kassim 14:10: Nakumbuka

Amina 14:12: Tumesikia baba

Shafii 14:12: Tumesikia Bamkubwa

Rehema 14:40: Nimesikia Bamkubwa. La koti limekwisha.

IJUMAA

Rehema 08:03: Asalam alaykum. Sasa kuhusu kofia

Shafii 08:05: Da Rehema huchoki 😂

Rehema 08:06: Kofia zile za kawaida zilizoandikwa miaka na vikosi sio sare, Faraji nirekebishe. Dada Amina na nishani zake kwenye koti la kiraia, Idi na kofia. Mi nitabeba bango, nimeliandika upya, nimetoa picha nimebakisha maneno tu

Faraji 08:15: Kofia zile haina shida shangazi. Ila kuchanganya nusu nusu, mfano shati la kombati na jinzi, ndo mtego wenyewe. Yule wa 2007 alidhani kubandua jina kunatosha

Amina 08:22: Na ndevu za Idi zile akivaa kombati atapigiwa simu na kila sajini mstaafu wa Marekani nzima

Shafii 08:22: Aisee hata shangazi Amina anatania leo

Rehema 08:30: Idi. Siku ya tatu hii. Kofia au?

Kassim 12:17: Chaja imepatikana, ilikuwa kwa Shafii

Shafii 12:18: Nilikuwa naitunza

Rehema 20:10: Idi

Idi 23:41: Nimesoma yote tangu Jumatano. Nilikuwa sina la kusema. Faraji alichosema nakijua nilipewa karatasi nikasaini. Lakini kuna wenzangu wawili nimewaahidi, mmoja anatumia kiti cha magurudumu sasa, yeye anavaa na anasema wakitaka waje wamvue pale kwenye kiti. Siwezi kusimama pembeni yake na kofia kama nimekuja kutazama mpira. Na siwezi kuwafanyia wale walio kambini saa hizi kitu ambacho Amina amekisema. Kombati nimeipiga pasi iko kwenye begi. Sijasema naivaa

Rehema 23:44: Begi lije basi au libaki?

Rehema 23:46: Mdogo wangu?

Amina 23:50: Mwache alale Rehema

Zuhura 23:52: Kuna nafasi gari la dada Amina? Nataka kuja. Sibebi kitu

Rehema 23:53: Ipo wifi. Ipo. Kaa mbele

Rehema 23:58: Orodha ya mwisho. Gari la kwanza: mimi, Kassim, Shafii, watoto wawili wa Kassim. Gari la pili: dada Amina, wifi Zuhura, Faraji, Idi na begi (?). Saa kumi na moja kamili. Kassim chaja uje nayo