Mjadala: Je, ramani ya maeneo hatarishi itumike kuzuia vibali vya ujenzi milimani?

Mtoa mada, Moshi:
Ndugu wachangiaji, tangu tope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 na kuua watu zaidi ya 60 katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, wapo wanaotaka miteremko ya Kilimanjaro na Meru nayo ichorwe kwa mfumo wa taarifa za kijiografia, yaani ramani za kompyuta zinazounganisha data za eneo, kisha asiruhusiwe mtu kujenga popote ramani itakapoonyesha rangi nyekundu. Uchoraji naunga mkono. Katazo la papo kwa papo silikubali.

Mfano unaotolewa ni wa milima ya Alps, ambako kanda za maporomoko ya theluji zimechorwa kwa miaka mingi na mwenye kiwanja katika kanda nyekundu hapewi kibali. Basi usimuliwe mpaka mwisho: tarehe 23 Februari 1999 theluji iliporomoka Galtür, Austria, ikaua watu 31, na baadhi ya nyumba zilizobomoka zilikuwa nje ya kanda za hatari. Tena theluji ina tabia inayofahamika, kwani mara nyingi huanzia kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45. Tope letu hutegemea pia udongo, mvua, makorongo, na hata mfereji uliozibuliwa vibaya.

Data za mwinuko zinazopatikana bure, zilizokusanywa na chombo cha anga cha Marekani mwaka 2000, zina kipimo kimoja kwa kila mraba wa mita 30. Kihamba, yaani shamba la ukoo lenye makazi, cha ekari moja kinapata vipimo vinne au vitano. Ukingo wa korongo wa mita sita nyuma ya jiko hauonekani humo, na ndio unaobomoka.

Mchangiaji, Uru:
Ndugu mtoa mada, mvua haingoji vipimo bora. Hata ramani yenye kasoro ingemwokoa mnunuzi mgeni asiyejua maji yalipita wapi zamani.

Mtoa mada:
Kwa mnunuzi mgeni nakubali, na kwa ajili yake ramani ibandikwe ofisi ya kijiji hata kabla haijakamilika. Lakini aliyerithi kihamba walikozikwa babu zake hanunui chochote; ukimnyima kibali kwa mraba mmoja mwekundu, atajenga hivyo hivyo, bila ukaguzi. Mpima ardhi atembee naye ukingoni kwanza, asahihishe mraba huo, ndipo halmashauri iamue.