MJADALA: Watoto wa viwanda vya pamba Uingereza, nani aliwapeleka na nani aliwatoa?

Mleta mada:
Wakuu habari. Kila tukigusa ajira za watoto kuna mtu lazima aseme hata Uingereza ilianzia hapo hapo, wazazi walikuwa maskini wakapeleka wenyewe, nchi ikatajirika, watoto wakatoka bila kelele. Mi nakataa. Vile viwanda vya mwanzo vilikaa mtoni kwasababu mashine ziliendeshwa na maji, na huko porini watu hakuna, kwahiyo matajiri wakaenda kuchukua yatima kwenye nyumba za maskini za London. Yatima mmoja, Robert Blincoe, alitolewa nyumba ya maskini ya St Pancras 1799 ana miaka kama 7, wakaahidiwa nyama ya kuchoma na saa za mfukoni za fedha, kufika kiwandani Lowdham ni uji, na mkataba mpaka ufikishe 21. Hapo mzazi gani kaamua?

Mchangiaji 1:
Mkuu umechukua mfano unaokufaa. Injini za mvuke zilipokuja viwanda vikahamia mjini, Manchester huko, na watoto walikuwa wa familia, mara nyingi msokotaji mwenyewe ndo anamwajiri mwanae au wa jirani na kumlipa. Na kabla ya kiwanda walisokota nyumbani, hamkulia. Ukimtoa mtoto kwa sheria ile njaa ya nyumbani anailipa nani?

Mleta mada:
Nyumbani ukichoka unanyoosha mgongo, pale mashine haikusubiri. Mtoto analala kifudifudi chini ya nyuzi anafagia pamba iliyodondoka huku sehemu ya mbele ya mashine inaenda na kurudi juu yake, akichelewa kutoka imemkuta. Elizabeth Bentley aliieleza kamati ya bunge 1832 kwamba alianza na miaka 6 kiwanda cha kitani Leeds, kazi ikipamba moto ni saa 11 alfajiri mpaka saa 3 usiku, mapumziko dakika 40, ukilegea unachapwa mkanda.

Mchangiaji 2:
Ila na sheria msizitukuze jamani. Ya 1819 ilikataza chini ya miaka 9 kwenye pamba, wakaguzi wa serikali hakuna, kwahiyo ikabaki karatasi. Ya 1833 ikaleta wakaguzi, wanne tu nchi nzima 😅 na umri wa mtoto unaujuaje wakati England imeanza kusajili vizazi 1837? Daktari anamtazama tu, baadae wakawa wanakagua meno kama mbuzi wa mnadani. 1844 umri ukashushwa mpaka 8, nusu siku kazi nusu shule.

Mleta mada:
Wanne ni wachache kweli, lakini walikuwa na ruhusa ya kuingia kiwandani na kushtaki, ndo tofauti yenyewe. Matajiri walilia kwamba saa zikipunguzwa biashara itahamia nje, 1847 ikapita siku ya saa 10 kwa wanawake na vijana na pamba ikazidi kushamiri. Halafu mchangiaji wa kwanza nijibu hili, kama utajiri huwatoa watoto wenyewe, mbona hiyo nusu siku ya kazi haikufutwa mpaka ilipokuja sheria ya 1918, wakati Lancashire, kitovu cha viwanda vya pamba, ilishatajirika zamani?

Mchangiaji 1:
Uliza nani walitaka ibaki. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 wafanyakazi wa pamba walipigishwa kura na vyama vyao, wengi wakakataa umri wa kuanza kazi kupandishwa. Wazazi haohao mkuu.